Baa Unayoingia Kabla ya Mpira

Mimi pombe sinywi. Hata hivyo, ndugu au rafiki anapofika Uingereza na kunipigia simu kwamba amepata tiketi ya mechi, simuulizi kwanza amepangiwa jukwaa gani. Namuuliza tutakutana baa ipi. Wengi hucheka. Wanadhani asiyekunywa hana shughuli na baa, afike zake uwanjani saa moja kabla, akae kitini asubiri kipenga. Anaweza kufanya hivyo, na mpira atauona. Ila siku yenyewe itakuwa imempita pembeni, kwa sababu huku siku ya mechi huanzia baa. Huko ndiko watu wanakokabidhiana tiketi, wanakokutana na jamaa waliotoka miji mingine, wanakotaniana na kutunga nyimbo za kumkera golikipa wa upande wa pili.

Sheria nayo imechangia. Tangu 1985, Uingereza na Wales, ni marufuku kunywa pombe kwenye mechi za ligi ukiwa mahali unapouona uwanja. Bia inauzwa ndani, lakini inanywewa kwenye korido za chini ya majukwaa, na ukitaka kurudi kitini unaacha kikombe huko huko. Shabiki wa raga au kriketi anakunywa huku anaangalia mchezo wake; wa soka haruhusiwi. Sheria hiyo hiyo inakataza pombe ndani ya mabasi yaliyokodiwa kupeleka mashabiki mechini. Sasa piga hesabu. Basi la wageni limetembea saa nne bila tone, ndani ya uwanja utakunywa kwa kukimbizana na mapumziko ya dakika 15, kwa hiyo kiu ya watu maelfu inaangukia baa chache zilizo barabara mbili tatu kuzunguka uwanja, ndani ya saa mbili hivi. Ndiyo maana ile baa inayotazamana na geti, ambayo kila mgeni huiona kwanza kwenye ramani ya simu, mimi huwa naiacha ya mwisho.

Ninachotazama kabla ya kitu kingine chochote ni baa ile ni ya watu gani siku hiyo. Zipo za wenyeji, zipo za wageni, na zipo zinazopokea wote. Baa inaweza kuwa ya kila mtu kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, wazee wanacheza karata, mama anakula chakula cha mchana na wajukuu, halafu Jumamosi saa tano asubuhi mlangoni wanasimama mabaunsa wawili na dirishani limebandikwa tangazo kwamba ni mashabiki wa nyumbani tu. Mara nyingi haya si maamuzi ya mwenye baa peke yake. Polisi na halmashauri wanaotoa leseni wana sauti: nani aingie, vinywaji vitolewe kwenye vikombe vya plastiki badala ya glasi, milango ifunguliwe na kufungwa saa ngapi.

Shemeji yangu alikuja Desemba moja tukaenda kuangalia timu yake ikicheza ugenini, kaskazini huko. Baridi ilikuwa kali, kajifunga koti hadi kidevuni. Karibu na kituo cha treni tukaona baa, taa za manjano, moshi wa jikoni unatoka pembeni, akaniambia, “Shemeji, hapa hapa, miguu yangu imekufa.” Baunsa alikuwa mtu mzima, ndevu za mvi, glovu zimekatwa vidole. Hakutuangalia usoni. Aliangalia shingoni mwa shemeji, pale ambapo ukosi mwekundu wa jezi ulikuwa umechungulia juu ya zipu kiasi cha kidole kimoja. Akasema, “Tiketi zenu?” Shemeji akamwonyesha simu. Jamaa akasoma jina la jukwaa, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea chini ya barabara: “Baa yenu ni ile ya kule kwenye kona.”

Shemeji alikasirika. Tulipogeuka akaninong'oneza, “Huyu katuangalia rangi tu.” Nikamwambia asubiri kidogo. Nyuma yetu walikuwa vijana wawili Wazungu wenye skafu za timu yake hiyo hiyo. Nao tiketi zao zikasomwa mlangoni, nao wakaelekezwa kwenye kona. Tukajikuta tunateremka barabara pamoja, wanne, na kufika kule tukakuta umati wa watu wao wanaimba. Sisemi kwamba kila mlango unaokufungia unafanya hivyo kwa sababu ya jezi. Kuna baa moja katika mji mwingine ambayo sikuwa na hakika na sababu zao, na mguu wangu haukanyagi tena pale. Lakini siku hizi, kabla sijahukumu, nasimama pembeni dakika mbili niangalie wengine wanaokataliwa wanafananaje.

Kwa mtu anayekuja mara ya kwanza, ningempeleka Fulham, London. Unashuka kituo cha Putney Bridge, na hatua chache tu kuna baa ndogo ya Eight Bells ambayo miaka mingi imejulikana kwa kupokea wageni. Ni ndogo kweli. Watu wengi wanaishia kusimama nje kwenye lami, kikombe mkononi, skafu za rangi mbili tofauti zimechanganyika na hakuna anayejali. Halafu mnatembea pamoja kupitia bustani ya Bishop's Park, mto Thames upande wenu wa kushoto, hadi uwanja wao wa Craven Cottage. Matembezi yale ni nusu ya raha. Fulham kwa muda mrefu walikuwa hata na sehemu ya jukwaa kwa wasio na upande, jambo ambalo kwingine lingeleta vita. Mtu akianzia hapo anapata picha ya jinsi siku ya mechi inavyoweza kuwa, kabla hajaenda kwenye dabi ambako polisi wamepanda farasi.

Liverpool ni habari nyingine, na hapo baa ina historia inayozidi ya klabu yenyewe. Ukienda Anfield, simama mbele ya The Sandon kwenye barabara ya Oakfield. Everton ndio waliocheza Anfield kuanzia 1884, na wachezaji wao walikuwa wakibadilishia nguo pale Sandon. Mwenye nyumba hiyo alikuwa John Houlding, mtengenezaji bia, ambaye pia alikuwa kiongozi mkubwa wa Everton. Ukazuka ugomvi wa kodi ya uwanja na mambo mengine, Everton wakahamia ng'ambo ya pili ya bustani ya Stanley Park, na mwaka 1892 Houlding akabaki na uwanja usio na timu. Akaanzisha timu yake: Liverpool. Huwa nawaambia wageni wangu wanaovaa jezi za Liverpool kwamba bila ugomvi wa mwenye baa wasingekuwa na timu ya kuwaliza. Wanapenda kusikia hivyo pale pale mlangoni kuliko kusoma mahali.

Lakini kujua historia ya baa hakukupi ruhusa ya kuingia na rangi yoyote. Sandon ni ya Wekundu, yaani Liverpool. Mgeni miaka yote ameelekezwa The Arkles, kwenye kona ya barabara ya Anfield, mwendo wa dakika chache tu. Binamu yangu ni shabiki wa timu ya London na alitaka kwa nguvu zote kupiga picha ndani ya Sandon akiwa na skafu yake. Nilimwambia avue skafu aiweke mfukoni, aingie, anywe soda yake, atazame picha za ukutani, atoke. Ndivyo alivyofanya, na hakuna aliyemsumbua. Mzee mmoja kaunta hata alimuuliza ametoka wapi na wakapiga stori. Watu wengi hawana shida na wewe kuwa mgeni. Wana shida na wewe kujitangaza nyumbani kwao siku kama ile.

Newcastle nitapita haraka, maana uwanja upo katikati ya mji na baa zimejaa kila upande. The Strawberry iko hapo hapo mbele ya jukwaa la Gallowgate, na ni ya wenyeji. La kukumbuka kule ni kwamba mashabiki wa ugenini wanakaa juu kabisa ya jukwaa la Leazes. Ngazi zile hazina mwisho. Toka baa mapema, hasa kama una mzee au umeshiba.

Saa. Hapa ndipo wageni wangu wanapochanganyikiwa zaidi, na ndipo kuna jambo ambalo ndugu zangu wa Dar es Salaam na Nairobi hawaliamini hadi walione wenyewe. Jumamosi, kuanzia saa tisa kasoro robo alasiri hadi saa kumi na moja na robo jioni, televisheni za Uingereza hazionyeshi soka moja kwa moja. Ni utaratibu wa tangu miaka ya 1960, uliosukumwa na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, kwa hoja kwamba watu wakiona mechi kubwa kwenye runinga hawatakwenda kununua tiketi za timu ndogo za mtaani kwao. Kwa hiyo mtu anayeniambia, “Tukikosa tiketi tutaangalia kwenye baa ya jirani na uwanja,” namrudisha taratibu. Mechi ya saa tisa huioni baa. Ndugu yako aliyekaa kibandani Mbagala anaiona timu yako kwa picha safi, na wewe uliye mita mia tatu kutoka golini unasikia kelele tu zikipita juu ya mapaa, unaulizia kwenye simu nani kafunga.

Utaratibu huo unapanga pia mwendo wa baa nzima. Jumamosi kuna mechi ya saa sita na nusu mchana ambayo inaonyeshwa. Baa iliyo karibu na uwanja inajaa watu wenye tiketi za saa tisa wanaoangalia hiyo ya mapema. Inaisha karibu saa nane na nusu hivi, na hapo watu wote wanataka vitu vitatu kwa wakati mmoja: kinywaji cha mwisho, choo, na mlango. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya choo cha wanaume huku nasikia wimbo wa kuanzia ukipigwa uwanjani. Sasa natoka dakika ya 80 ya mechi ya kwenye skrini, hata kama matokeo ni sare na kuna kona. Wenzangu wananilaumu, halafu tunapita getini bila kusukumana.

Choo nakiangalia nikiingia tu, kabla hata ya kuuliza kama kuna viti. Dada yangu alinifundisha hilo. Baa nyingi za zamani karibu na viwanja zilijengwa kwa ajili ya wanaume waliotoka kiwandani, na choo cha wanawake ni kimoja, kimebanwa chini ya ngazi. Kama mmekuja na akina dada wanne, baa ya namna hiyo haifai, hata kuta zake ziwe na picha za mabingwa wote wa dunia.

Watoto ni suala jingine la haraka. Mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kuingia na mtu mzima pale leseni inaporuhusu, lakini siku za mechi baa nyingi zinakataa watoto kabisa, na kijana anayeonekana hajafika miaka 25 ataombwa kitambulisho hata kama ana miaka 22. Pasipoti ya mgeni inafaa, isipokuwa hakuna anayependa kutembea nayo kwenye umati.

Kaunta ina adabu zake. Hakuna mstari, watu wamejipanga kwa upana wote wa mbao, na bado kila mmoja anajua nani katangulia. Ukiona mhudumu anakuja kwako na ulijua yule bwana wa kushoto alikuwepo kabla, sema, “Yeye kwanza.” Utapewa heshima ambayo pesa hainunui mle ndani. Halafu kuna raundi. Mmoja anawanunulia wote, kisha mwingine, hadi wote wamenunua. Mimi wa soda niliona mapema kwamba raundi itanimaliza: nalipia bia sita, nakunywa koka moja. Sasa tukiingia tu natangaza niko nje ya raundi na chipsi na pai ni juu yangu. Hakuna aliyewahi kulalamika kwa chipsi. Na kwa kuwa sinywi, mimi ndiye ninayebaki na kumbukumbu ya tiketi ziko kwenye simu ya nani.

Simu yenyewe iangaliwe ungali baa. Tiketi nyingi sasa zipo kwenye simu, na watu elfu 60 wakikusanyika sehemu moja mtandao unasuasua. Nakaa karibu na soketi, nachaji, nafungua tiketi zote mapema na kuhakikisha zimehifadhiwa. Siku moja nilimwona kijana amefika geti la kuingilia, kidole kinabonyeza, duara linazunguka tu kwenye kioo, na nyuma yake watu wanaguna.

Baa nzuri kuliko zote, kwangu, haiko karibu na uwanja. Iko mwendo wa robo saa au dakika 20, kwenye njia ambayo utarudia. Arsenal, kwa mfano: kituo chenye jina la timu kiko jirani kabisa na Emirates, na baada ya mechi umati pale unatisha. Mimi natembea hadi Finsbury Park, au upande wa pili hadi Highbury & Islington, na baa yangu huwa huko. Kabla ya mechi kuna nafasi ya kukaa. Baada ya mechi ninaingia tena, naangalia ile mechi ya saa kumi na moja na nusu jioni kwenye skrini, na wakati inafika mapumziko treni zimeshapungua watu. Kama timu ya wenyeji imefungwa na wewe umeshinda, umbali ule una faida nyingine: hasira inapoa njiani. Skafu mfukoni lakini, hadi uvuke barabara kubwa.

Viwanja vipya vimevuruga mambo haya yote. Brentford walikuwa Griffin Park hadi 2020, uwanja uliokuwa na baa kwenye kila kona kati ya kona zake nne. Ungeweza kuuzunguka wote bila kuishiwa pa kukaa. West Ham waliondoka Upton Park mwaka 2016, na Boleyn Tavern, pale Green Street inapokutana na Barking Road, ikabaki kwenye kona yake huku watu wakienda Stratford, ambako unatembea kwenye bustani pana ya Olimpiki na baa ya kizamani huioni. Klabu zenyewe zinataka unywe ndani kwao. Tottenham walipofungua uwanja wao mpya Aprili 2019 waliweka kaunta ya mita 65, na vikombe vinavyojazwa bia kutokea chini. Nimeiona. Inafanya kazi haraka sana, na hakuna aliyenisalimia.

Everton ndio ninaowahangaikia sasa. Timu ya wanaume imeuacha uwanja wake wa Goodison mwaka 2025 na kuhamia kizimbani, Bramley-Moore Dock. Kule Goodison baa ya Winslow ilikuwa inatazamana na jukwaa kuu, huwezi kukosea njia. Uwanja mpya umezungukwa na maghala, upepo wa mto Mersey unakukata masikio, na baa ya Bramley-Moore iliyo kwenye barabara ya Regent haiwezi kubeba watu wote wanaoitaka. Kituo cha karibu ni Sandhills, na baada ya mechi foleni yake ni ndefu. Mjomba anakuja msimu huu na yeye ni Everton tangu enzi za redio. Mpango wangu kwa sasa ni tukae katikati ya mji hadi saa nane kasoro, tule, atumie choo kizuri, kisha tushuke kwa miguu kufuata mto. Magoti yake yakikataa, tutapanda treni hadi Sandhills na kurudi kwa teksi, na teksi hiyo nitaiagiza mbali kidogo na uwanja, maana barabara za jirani zitakuwa zimefungwa.